Kufundisha Pigo la Fimbo ya Chuma katika Mchezo wa Gofu

Utangulizi

Ziko stadi za mwili ambazo mtoto huzielewa kwa kuzitazama tu, na ziko nyingine ambazo kadiri anavyozitazama ndivyo jicho lake linavyozidi kumpoteza. Mtoto akimtazama mwenzake akiruka kamba, anachokiona ndicho kinachotendeka. Bali akimtazama mchezaji wa gofu akipiga mpira kwa fimbo ya chuma, huuona mpira ukipaa juu sana, na papo hapo hukata shauri kwamba mchezaji yule ameuinua. Kumbe mpira haukuinuliwa. Umepigwa na fimbo iliyokuwa bado inashuka kuelekea ardhini, na kilichoupeleka juu ni umbo la fimbo yenyewe.

Tofauti hii baina ya kinachoonekana na kinachotendeka ndiyo shina la matatizo mengi ya wanaojifunza gofu, wakubwa kwa wadogo. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwanza, jinsi pigo la chuma linavyofanyika. Pili, kwa nini wanafunzi hukosea. Na tatu, jinsi mwalimu anavyoweza kuliongoza darasa lake kufikia pigo safi kwa kutumia zana chache zisizo na gharama kubwa.

Kwa Nini Gofu?

Walimu wanachuo wanaweza kuuliza: ya nini kuzungumzia gofu ilhali shule nyingi za msingi hazina hata milingoti imara ya goli? Swali hili ni la haki, na jibu letu lina sehemu mbili.

Kwanza, ingawa mchezo huu ulikulia Uskoti, ambako mwaka 1457 Bunge liliupiga marufuku kwa sababu ulikuwa ukiwaachisha watu mazoezi ya upinde na mshale, hauwezi tena kuitwa mgeni katika Afrika Mashariki. Nairobi imekuwa na klabu ya gofu tangu mwaka 1906. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na miongoni mwa waliopata kuyashinda ni Severiano Ballesteros wa Hispania, mwaka 1978. Dar es Salaam kuna uwanja wa Lugalo, ulio chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tena wako wachezaji wa kulipwa wa nchi zetu ambao hawakuuanza mchezo huu kwa kununua fimbo, bali kwa kubeba mifuko ya wengine na kutazama. Watoto wanaokaa jirani na viwanja hivyo husoma katika shule zetu, na baadhi yao hutujia wakiwa tayari wamekwisha kujichongea fimbo za miti.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, pigo la chuma ni mfano bora wa stadi ambayo neno moja la mwalimu linaweza kuijenga au kuiharibu. Mwalimu atakayeielewa vema njia ya kuifundisha ataweza kuitumia njia hiyo hiyo katika stadi nyingine nyingi.

Pigo Linavyofanyika

Fimbo ya chuma ina mpini mrefu na kichwa kifupi cha chuma. Uso wa kichwa hicho haukusimama wima. Umelala kidogo kwa nyuma. Ulalo huo hutofautiana kwa kufuata namba ya fimbo. Chuma chenye namba ndogo kina uso uliosimama zaidi, na hupeleka mpira mbali na chinichini. Chenye namba kubwa kina uso uliolala zaidi, na hupeleka mpira juu na karibu. Chuma namba 7, ambacho walimu wengi hupenda kukitumia kwa wanaoanza, kwa kawaida huwa na ulalo wa kama nyuzi 30 hadi 35.

Mpira wenyewe ni mdogo na mgumu. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, wala uzito wake usizidi gramu 45.93. Mwanafunzi akipiga, kichwa cha fimbo huenda katika njia ya mviringo inayoshuka kutoka nyuma, hufika chini kabisa, kisha hupanda mbele. Njia hiyo tutaiita tao, na mahali palipo chini kabisa tutapaita kitako cha tao. Maneno hayo mawili, tao na kitako, yanatosha kulieleza somo lote.

Siri ya pigo la chuma ni hii: mpira ukiwa umekaa juu ya nyasi, kitako cha tao sharti kiwe mbele ya mpira, yaani upande wa shabaha. Kwa hiyo fimbo huukuta mpira ikiwa ingali inashuka, kisha ndipo huparuza nyasi zilizo mbele yake. Kwa mchezaji hodari anayetumia chuma namba 7, fimbo hushuka kwa pembe ndogo tu, ya takriban nyuzi 4, na kitako huwa sentimita kadhaa mbele ya mpira. Ndiyo maana akishapiga utaona kipande chembamba cha nyasi kimebanduka, na kovu lake limeanzia pale mpira ulipokuwa, likaelekea mbele.

Mpira hupaaje basi, ikiwa fimbo inashuka? Hupaa kwa sababu ya ulalo wa uso. Pembe ya kushuka ni ndogo sana ikilinganishwa na pembe ya ulalo, na mpira hufuata zaidi upande ambao uso umeelekea. Tena uso uliolala huufanya mpira ujizungushe kinyumenyume kwa kasi kubwa, na mzunguko huo huusaidia kuelea hewani na kutulia haraka unapoanguka. Kazi ya kuinua imekwisha kufanywa na fundi aliyetengeneza fimbo. Mchezaji hana haja ya kuifanya mara ya pili.

Iko hoja nyingine ambayo kila mwalimu anapaswa kuishika. Watafiti wa Uingereza, ambao matokeo yao yalitolewa na Alastair Cochran na John Stobbs katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, walionyesha kwamba mpira hugusana na uso wa fimbo kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Binadamu akishtuliwa na jambo la ghafla huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde ili aanze kuitikia. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kurekebisha chochote wakati fimbo inapokutana na mpira. Mwalimu anayepaza sauti, "Ukigusa mpira, kunja mkono!" anaagiza jambo lisilowezekana. Yote yanayohusu mgongano huo huamuliwa kabla yake.

Makosa Mawili, Chanzo Kimoja

Ukikaa pembeni ukawatazama wanaoanza, utaona makosa mawili yakijirudia. La kwanza ni fimbo kupiga udongo kabla ya mpira. Vumbi hutimka, mikono hushtuka, na mpira huenda hatua chache tu. La pili ni fimbo kuukwangua mpira utosini au kuupiga kiunoni. Mpira hubiringika chini kwa kasi, pengine ukahatarisha miguu ya walio mbele.

Kwa macho makosa haya ni kinyume kimoja cha kingine: la kwanza fimbo imekwenda chini mno, na la pili imekwenda juu mno. Mwalimu asiye na uzoefu atamwambia mtoto wa kwanza, "Usichimbe," na mtoto wa pili, "Teremka zaidi." Baada ya dakika kumi watoto hao watakuwa wamebadilishana makosa. Sababu ni kwamba makosa yote mawili huzaliwa na chanzo kimoja: kitako cha tao kimerudi nyuma ya mpira. Fimbo iliyofika chini kabisa kabla ya mpira, ama itagota ardhini hapo hapo, ama itaponea chupuchupu, ianze kupanda, na iukute mpira ikiwa njiani kwenda juu.

Kitako hurudi nyuma kwa nini? Kwa sababu mtoto anataka kuuinua mpira. Katika kutaka huko, huegemea nyuma, uzito wake wote ukabaki katika mguu wa kulia ikiwa anatumia mkono wa kulia, na vifundo vya mikono yake huchota kama anayechota uji kwa upawa. Mwili ukiegemea nyuma, tao zima huhamia nyuma pamoja nao. Tuseme wazi kwamba mtoto huyu si mzembe wala si mpumbavu. Anafanya kwa uaminifu kabisa kile ambacho jicho lake limemfundisha. Akilaumiwa kwamba hasikii, au akiambiwa kwamba hana kipaji, atakuwa amedhulumiwa mara mbili: mara ya kwanza na jicho, mara ya pili na mwalimu.

Kosa la kupiga udongo halimchagui mtu. Tarehe 6 Februari 1971 Alan Shepard, mwanaanga wa Marekani, alipiga mipira ya gofu juu ya Mwezi kwa kichwa cha chuma namba 6 alichokiunga katika mpini wa kifaa cha kuchotea vumbi. Vazi lake lilikuwa gumu, hata ikambidi atumie mkono mmoja, wala hakuweza kuupeleka mwili wake upendavyo mchezo. Jaribio lake la kwanza lilichota vumbi zaidi kuliko mpira. Watoto hufurahi kusikia habari hii, na furaha hiyo huwaondolea haya ya kukosea mbele ya wenzao.

Maneno ya Mwalimu

Tumekwisha kuona kwamba agizo la "inua mpira" ni sumu. Lakini hata dawa yake ina hatari. Mwalimu akisema "piga chini", wako watoto watakaoishika fimbo kama jembe na kuchimba shimo. Walimu wanachuo waone hapa jambo muhimu la ufundishaji: katika stadi za mwili, maneno peke yake ni chombo butu. Kila neno hutafsiriwa na mwili wa mtoto kwa namna yake.

Yako pia mazoea ya kuutaja kila mfupa wa mtoto. "Kiwiko ndani, bega chini, goti lisiyumbe, kichwa kitulie." Mtoto aliyepewa maagizo manne kwa pigo moja hawezi kutimiza hata moja. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu ambao hawakuwa na uzoefu wa gofu. Kundi moja liliambiwa lizingatie mwendo wa mikono yao. Kundi jingine liliambiwa lizingatie mwendo wa fimbo. Waliozingatia fimbo waliikaribia zaidi shabaha, si wakati wa mazoezi tu, bali hata walipopimwa siku nyingine bila maelekezo yoyote. Maana yake kwetu ni kwamba yafaa nia ya mtoto ielekezwe kwenye kazi inayofanyika nje ya mwili wake: fimbo ipite wapi, alama ibaki wapi, mpira uende wapi. Mwili ukishapewa kazi iliyo wazi, hujipanga wenyewe kwa namna ambayo hatuwezi kuieleza kwa maneno.

Kwa hiyo katika somo letu tutapunguza maneno na kuongeza alama. Mwalimu mkuu wa somo hili atakuwa ni mstari uliochorwa ardhini.

Zana na Usalama

Zana zinazohitajika ni chache. Mwalimu atafute unga wa chokaa au majivu ya kuchorea mistari, vitambaa vikuukuu, mipira midogo iliyofumwa kwa matambara na kamba, na fimbo kadiri zitakavyopatikana. Ikiwa kuna klabu ya gofu karibu, mwalimu mkuu wa shule anaweza kuandika barua ya kuomba fimbo zilizochakaa. Fimbo za watu wazima ni ndefu mno kwa mtoto. Zikatwe na kutiwa mshiko upya, au mtoto afundishwe kushika chini zaidi. Pasipo na fimbo za chuma, fundi seremala au wanafunzi wenyewe wanaweza kuchonga fimbo za mti zenye kichwa kilichopinda. Fimbo ya mti haitaufundisha mtoto ulalo wa uso, lakini itamfundisha tao na kitako, ambavyo ndivyo vigumu zaidi.

Usalama hauna mjadala. Kichwa cha chuma kinachozunguka kwa kasi kinaweza kuvunja fuvu, na mpira halisi wa gofu unaweza kutoa jicho. Mwalimu azingatie yafuatayo:

1. Wapigaji wasimame katika safu moja, wote wakielekea upande mmoja, na kati ya mpigaji na mwenzake pawepo nafasi isiyopungua mita 4.

2. Wasiopiga wakae nyuma ya kamba au mstari wa pili, mbali na mzunguko wa fimbo. Hakuna anayevuka mstari huo bila idhini.

3. Kupiga kuanze kwa filimbi moja na kukome kwa filimbi mbili. Mipira huokotwa na wote kwa pamoja, baada ya fimbo zote kulazwa chini.

4. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto awekwe mwisho wa safu, mahali ambapo yeye na jirani yake hawatazungushiana fimbo. Asilazimishwe kubadili mkono. Maelezo yote yageuzwe kwa ajili yake: palipo kulia pawe kushoto.

5. Mipira halisi ya gofu isitumike mpaka darasa lizoee utaratibu huu, tena pawepo uwanja wazi usio na njia ya watu mbele yake.

Hatua za Somo

Tuchukulie darasa la wanafunzi 40 na kipindi cha dakika 40. Darasa ligawanywe katika vikundi 8 vya watoto watano watano. Kila kikundi kiwe na fimbo moja na mstari wake. Katika kikundi, mmoja hupiga, mmoja husoma alama iliyobaki ardhini, mmoja huandika, na wawili husubiri zamu. Kazi hizi zizunguke. Hivyo hakuna mtoto anayekaa bure, na tena kila mmoja hujifunza kuliona pigo la mwenzake kwa jicho jipya.

Hatua ya kwanza, dakika 5: fumbo. Mwalimu awaoneshe watoto fimbo ya chuma ikiwa imewekwa chini, uso ukiugusa mpira. Awaulize, "Uso huu umeelekea wapi?" Watajibu kwamba umeelekea juu. Kisha auchukue mpira, auache utambae taratibu kwenye ubao uliolazwa kwa mshazari, ili waone jinsi mlalo unavyobadili njia ya kitu. Aulize tena, "Ni nani anayeinua mpira, mtu au fimbo?" Asitoe jibu kwa haraka. Mtoto aliyelifikia jibu mwenyewe hatalisahau anapoanza kupiga.

Hatua ya pili, dakika 10: mstari bila mpira. Kila kikundi kichore mstari ardhini unaokatiza njia ya shabaha. Mpigaji asimame mstari ukiwa katikati ya miguu yake, azungushe fimbo kwa tao fupi, kutoka usawa wa kiuno nyuma hadi usawa wa kiuno mbele, na aparuze ardhi kidogo. Agizo liwe moja tu: "Alama ianzie kwenye mstari au mbele yake." Msomaji ainame na kutoa taarifa: nyuma, juu ya mstari, au mbele. Ardhi yenye mchanga au vumbi inafaa sana, kwa kuwa haifichi kitu.

Katika hatua hii mwalimu atasikia watoto wakibishana. Awaache. Ubishi wao ni juu ya jambo linaloonekana, na ardhi ndiyo hakimu. Mtoto ambaye alama zake zote ziko nyuma asiambiwe kwanza kasoro ya mwili wake, aulizwe, "Ufanyeje ili alama isogee mbele?" Wengi watagundua wenyewe kwamba wakihamishia uzito kwenye mguu wa kushoto, ulio upande wa shabaha, alama husogea. Anayeshindwa kugundua apewe zoezi la kusimama uzito wote ukiwa mguu wa kushoto, mguu wa kulia ukigusa chini kwa ncha ya kidole gumba tu, kisha apige polepole. Alama itahama mbele ya macho yake.

Hatua ya tatu, dakika 15: mpira na kitambaa. Mpira wa matambara uwekwe juu ya mstari. Nyuma yake, umbali wa kama sentimita 15, kilazwe kitambaa kilichokunjwa. Mpigaji ajitahidi kuupiga mpira bila kukigusa kitambaa, na alama ibaki mbele. Kitambaa husema kweli bila kumwudhi mtu: kikiguswa, fimbo imeshuka mapema. Kila mpigaji apige mara tano, kisha ampishe mwenzake. Yule anayechimba mno aagizwe kuacha "mkwaruzo mwembamba kama wa chanuo".

Hatua ya nne, dakika 7: kubadilisha shabaha. Mwalimu aweke shabaha tatu, kwa mfano ndoo, pete ya kamba na gunia, kwa umbali usiolingana. Mtoto apige kwa zamu kuelekea shabaha tofauti, asirudie moja mara nyingi mfululizo. Mwaka 1986 watafiti Goode na Magill walionyesha, kwa wanafunzi waliokuwa wakijifunza kuanzisha mchezo wa vinyoya, yaani badmintoni, kwamba waliochanganya aina za mapigo bila mpangilio walikumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko waliorudia aina moja mpaka iishe. Mwalimu asivunjike moyo, basi, akiona mapigo ya hatua hii yana makosa mengi kuliko ya hatua iliyotangulia. Ugumu huo ndio unaojenga kumbukumbu.

Hatua ya tano, dakika 3: kukusanya fimbo, kuzihesabu, na kila kikundi kusoma taarifa yake.

Tathmini

Kosa ambalo ni rahisi kulitenda katika tathmini ni kupima umbali. Ukipima umbali, mtoto mwenye misuli atasifiwa hata kama anachota, na mdogo mwenye pigo safi atanyong'onyea. Tena wote watarudi kupiga kwa nguvu, na kwa kutaka nguvu wataegemea nyuma. Tunachokipima katika somo hili ni mahali alama ilipoanzia.

Kila mtoto apewe mapigo 10, na mwandishi wa kikundi aandike ni mangapi yaliyoacha alama kuanzia mstari kwenda mbele. Tuseme mtoto amepata 3 wiki ya kwanza, 5 ya pili, na 4 ya tatu. Huyo anaendelea vema; kushuka kidogo si dalili ya kusahau. Mtoto aliyepata 8 kwenye mstari lakini 2 tu mpira unapowekwa anatuambia jambo jingine: mwili wake unajua, ila kuuona mpira kumeamsha tena ile tamaa ya kuinua. Dawa yake ni kurudishwa kwenye mstari, kisha apewe mpira kwa zamu: pigo moja bila mpira, pigo moja na mpira.

Takwimu hizo zinaweza pia kuingia katika somo la hisabati. Watoto wa madarasa ya juu wanaweza kuchora grafu ya maendeleo ya kikundi, kupima kwa kipimapembe ulalo wa nyuso za fimbo mbalimbali, na kuchora tao lenye kitako mbele ya nukta iliyowekwa. Jambo walilolipata kwa mikono litapata jina katika daftari.

Hitimisho

Tumeeleza stadi moja ndogo kwa urefu, na tumefanya hivyo makusudi. Mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kuwa bingwa wa kila mchezo anaoufundisha, hilo haliwezekani. Anachotakiwa ni kujiuliza, kabla ya kuingia uwanjani, ni nini hasa kinachotendeka katika stadi ile, jicho la mtoto litamdanganya wapi, na ni alama gani itakayomwonesha mtoto ukweli bila mwalimu kusimama juu ya kichwa chake. Katika pigo la chuma, alama hiyo ni mkwaruzo mbele ya mstari wa chokaa. Katika kuruka chini inaweza kuwa unyayo katika mchanga, na katika kuandika, kina cha kalamu upande wa pili wa karatasi.

Mtoto aliyepewa alama ya namna hiyo anaweza kuendelea kujifunza jioni, nyumbani, mwalimu akiwa hayupo. Aliyepewa lawama peke yake ataiacha fimbo pale pale uwanjani, na huenda tusijue kamwe alikuwa na uwezo gani.

Maswali ya Kujadiliana

1. Eleza kwa nini kupiga udongo na kukwangua utosi wa mpira, ingawa yanaonekana kuwa makosa yanayopingana, yaweza kuwa na chanzo kimoja.

2. Andaa maagizo matatu mafupi ya kufundishia pigo la chuma, ambayo hayataji kiungo chochote cha mwili.

3. Chagua stadi nyingine ya mwili inayofundishwa katika shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Ni wapi jicho la mtoto humdanganya, na ni alama gani ungeitumia?

4. Andika andalio la somo la pili, ukizingatia kwamba shule ina fimbo nne tu na wanafunzi 50.